Nyumba ya Watu Wawili huko Lobito

Godefroid Nkandu alikosa bahari. Hilo lilikuwa la kwanza, na aliliandika juu kabisa ya karatasi ya vitu alivyokosa, kwa mwandiko wake wa ofisini, uliosimama wima. Chini yake aliandika mengine: pasipoti, sanduku lenye kufuli, jino la mbele la upande wa kushoto, koti jepesi, maana alisoma kwamba pwani hakuna baridi ya Juni kama ya Lubumbashi, vitenzi vya Kireno vya wakati uliopita, mtu wa kusema naye Kireno hicho, miwani mipya. Akafikiri kidogo, akaongeza: subira. Kisha akaifuta subira, kwa kuwa haikuwa kitu cha kununua wala cha kufunga ndani ya sanduku.

Ridhaa ya mke wake hakuiandika. Si kwamba aliisahau. Alidhani anayo, kama mtu anavyodhani ana kiberiti mfukoni.

Alikuwa na miaka sitini na tisa. Kwa miaka thelathini na saba alikuwa karani wa reli, kazi yake kuandika hati za mizigo. Aliingia kazini na cheti cha shule ya msingi tu. Mengine aliyapata kwa masomo ya jioni, akitoka ofisini na kwenda kuketi darasani na vijana waliomwita Papa, mpaka akapata diploma akiwa na miaka arobaini na mmoja. Wenzake walimcheka. Baadaye walewale waliomcheka walikuja mmoja mmoja kumwomba awaandikie barua kwa wakubwa, naye aliwaandikia, lakini hakuacha kuwakumbusha.

Ukutani mwa ofisi yake ya gare, kama stesheni inavyoitwa kwao, kulikuwa na ubao wa vituo vyote ambako mzigo uliweza kutumwa. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Lobito, mji wa Angola ulio kwenye bahari ya Atlantiki, kilomita zaidi ya elfu mbili upande wa machweo. Godefroid alipoanza kazi, vita vilikuwa vimeshaikata njia ile na madaraja yake yalikuwa yamelala mtoni. Lakini hakuna mkubwa aliyetoa amri ya kuufuta mstari. Kila Januari karani aliuandika ubao upya, na kila Januari Godefroid aliandika Lobito, na mbele yake: imesimamishwa. Mteja akiuliza, alijibiwa kwamba Lobito bado. Alijibu hivyo mpaka siku zake za mwisho kazini, treni za kwanza zikiwa ndiyo zinaanza kupita tena. Mtu akiandika jina moja miaka yote hiyo bila kulipelekea hata gunia moja, jina hilo humkaa mwilini.

Na mwili wake haukutulia. Reli ilimzoesha kuhamishwa: Kamina, Likasi, Tenke, Mutshatsha, mwishoni Lubumbashi. Kila mwaka wa tatu au wa nne karatasi ya uhamisho ilifika, na nyumba ikafungwa ndani ya masanduku. Sasa hakuna aliyemwandikia karatasi, lakini miguu ilikuwa bado inaingojea. Alikihamisha kitanda kutoka chumba cha mbele hadi cha nyuma, na baada ya miezi sita akakirudisha. Aligeuza meza. Asubuhi alizunguka mtaa mzima wa Makomeno, akarudi, akakaa, akasimama. Mke wake Adolphine alisema kwamba katika nyumba ile kiti kinachakaa kwa kuinukiwa.

Mwezi wa tatu ikaja barua ya Clément. Huyu alikuwa mwenzake wa ofisi kule Mutshatsha, mtoto wa wakimbizi wa Angola aliyelelewa Katanga na kurudi kwao baada ya vita. Barua zao zilipitia kwa madereva wa mabasi hadi Dilolo, mpakani, na kutoka Dilolo kwa basi jingine. Clément alikuwa na simu, na Godefroid pia, lakini Godefroid alikuwa amemweleza kwamba jambo zito halitupwi kwenye simu katikati ya picha za maua na maombi ya asubuhi.

Clément aliandika kwamba nyumba imepatikana Lobito. Vyumba viwili, hatua mia mbili kutoka majini. Mwenyewe ni mama mjane anayeishi uani, na ana sharti moja: hapangishi mwanamume peke yake. Alikwisha kupangisha wawili. Mmoja alikuwa mlevi, mwingine aliugua wiki sita na yeye ndiye aliyemwosha na kumlisha. Sasa anataka mume na mke, wazee, watu wa sala. Atangoja hadi mwisho wa Mei.

Godefroid alijibu siku ileile. Aliandika: tunakuja, Godefroid na Adolphine. Jina la mke wake lilikaa vizuri kwenye karatasi. Baada ya wiki tatu Clément akajibu kwamba mama yule amefurahi, ameanza kupaka rangi, na anaomba nakala za pasipoti zote mbili.

Ndipo Godefroid alipofanya kwa mdomo jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa kalamu: alidanganya. Alimwambia Adolphine kwamba parokia inataka picha mpya za kina mama wa kikundi cha sala, na kwamba ameshaongea na mpiga picha wa karibu na soko. Adolphine alivaa kitenge chake cha Pasaka, akaenda. Mpiga picha akamwambia avue hereni, avue na kitambaa cha kichwa, masikio yaonekane, asicheke. Adolphine akauliza ni parokia gani hiyo inayotaka masikio. Yule kijana akajibu kwa heshima zote kwamba ni kwa ajili ya pasipoti, mzee ndivyo alivyoagiza, na kwamba anawatakia maisha mema Angola.

Alirudi nyumbani. Aliweka picha nne mezani, nyuso chini, akaenda kusonga bukari, ugali wao wa mahindi. Kesho yake akamwita kaka yake.

Kaka yake Mumba, fundi umeme aliyestaafu, alikuja Jumapili baada ya misa, kutoka mtaa wa Katuba, amevaa koti. Godefroid alipoliona lile koti alijua kuna jambo, lakini kwa desturi yao kaka wa mke haulizwi kilichomleta kabla hajala. Basi waliongea habari za mvua iliyokoma mapema na bei ya mbolea, mpaka Adolphine alipoleta kuku.

Kwao kuku wa nyumbani hugawanywa kwa utaratibu, na firigisi ni ya mume. Mke haiongelei, huiweka tu juu ya sahani yake, nzima, haijakatwa, na kwa kuiweka amesema: wewe ndiye mwenye nyumba hii, na mimi niko kwako. Godefroid aliwahi kuwaambia vijana wa parokia kwamba hayo ni mambo ya zamani, kwamba mtu aliyesoma hapimi ndoa yake kwa utumbo wa ndege. Lakini kwa miaka arobaini na minne aliikuta kwenye sahani yake na kuila ya kwanza.

Jumapili ile alifunua sahani akaona paja. Aligeuza paja akaona bawa. Akainua macho. Firigisi ilikuwa kwenye sahani ya Mumba.

Mumba naye aliiona. Hakuigusa. Aliisogeza pembeni kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayesogeza kitu cha moto, kisha akanawa tena mikono ambayo alikuwa ameshainawa.

“Shemeji,” alisema, “miye nilikuya kukula. Naona banaweka kesi ndani ya sahani.”

Hakuna aliyecheka. Godefroid alirudisha tonge la bukari kwenye sahani.

Kesi ikaanza hapohapo, chakula kikipoa. Godefroid alieleza kama anayesoma ripoti: baridi ya hapa na mifupa yake, vumbi jekundu la kiangazi, hewa ya bahari, ukimya, nyumba safi, sala. Alitaja joto la kila mwezi. Alisema vizuri, na alijua kwamba anasema vizuri. Mumba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama dada yake aliulizwa. Godefroid akajibu kwamba Adolphine alimfuata kila mahali tangu Kamina, bila tatizo. Mumba akasema hakuuliza kama alifuata.

Kisha akamgeukia dada yake. Adolphine alikuwa ameketi mkekani, mikono juu ya magoti. Hakumtazama kaka yake. Alimtazama mume wake.

“Baba Lydie, Kamina nilipanda mipapai,” alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao. “Banatuhamisha. Likasi nilipanda avoka, ilikuwa isha kunifika hapa ku bega. Banatuhamisha. Tenke, malimau. Mutshatsha, avoka tena. Ile avoka ya Likasi ilikomala, weye haukujua? Bibi ya mukubwa wa gare njo alikuwa nauzisha matunda yake ku soko. Sikusema kitu. Juu ilikuwa reli njo ilikuwa natuhamisha. Sasa reli iko wapi? Iko weye.”

Godefroid alisema kwamba huko pia kuna udongo.

“Siko nakatala bahari,” alisema Adolphine. “Niko nakatala kupandia bengine. Na tena unanipeleka ku foto na jina ya Kanisa, sawa mutoto mudogo bananunulia bonbon juu ya kumupeleka ku sindano.”

Mumba alingoja kidogo, asije akakata maneno ya mwanamke, kisha akatoa lake. Hakupandisha sauti. Alisema yeye si hakimu. Shemeji yake ni mtu mzima, amesoma, akitaka kwenda, njia ni yake. Lakini alimchukua Adolphine nyumbani kwao Katuba mchana, mbele ya watu, baba zao wameketi. Basi kama anakwenda bila yeye, amrudishe vivyo hivyo, mchana, mbele ya watu, na wazee waliobaki waketi. Akavaa kofia yake. Mlangoni alimshika Godefroid begani akamwambia kwamba kuku alikuwa mzuri, na kwamba anampa pole.

Firigisi ilibaki kwenye sahani mpaka jioni. Adolphine akamtupia paka wa jirani.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa ndefu. Godefroid alitembea hadi stesheni na kurudi, akatembea tena. Aliketi chini ya ubao wa matangazo akasoma matangazo ya mwaka jana. Nyumbani alijaribu njia nyingine: siku moja alikuja na jina la Kalemie, mji wa ziwani, akaeleza kwamba Ziwa Tanganyika lina mawimbi ya kweli na mchanga wa kweli, na watu wa huko husema Kiswahili, siku nyingine alikuja na Moba, ambako kuna milima na hewa ya baridi kidogo. Adolphine aliendelea kupukuchua mahindi. Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida, huko Moba atapanda nini, na miti ya huko huchukua miaka mingapi. Godefroid alisimama, akaenda tena stesheni.

Chakula chake kilipikwa kama kawaida na nguo zake zilifuliwa. Hilo ndilo lililomtia hofu. Alikuwa anatunzwa kama mgeni anayeondoka karibuni.

Siku nane kabla ya mwisho wa Mei, aliketi akaandika kwa Kireno, ili mama mwenye nyumba asome mwenyewe, kwamba wanakuja wote wawili, ila yeye atatangulia, na mkewe atafuata baada ya mavuno. Ilikuwa barua fupi, safi, vitenzi vyote mahali pake. Aliisoma mara tatu. Mama yule angefungua mlango. Baada ya hapo miezi ingepita, na miezi ikipita watu huzoea. Aliiweka mfukoni bila kuifunga, akatembea nayo siku tatu. Mara mbili alipita mbele ya ofisi ya mabasi na mara mbili miguu yake, ambayo haikuwahi kukataa safari, ilimpeleka mbele. Alikuwa ameandika maelfu ya hati, na katika zote hakuna hata moja iliyosema kuna mzigo mahali ambapo mzigo haupo.

Siku ya tatu hakugeuka kurudi nyumbani. Alipanda teksi ya kwenda Annexe, nje ya mji, akashuka barabara ilipoishia, akauliza shamba la mke wake, Mama Lydie, liko wapi. Kila mtu alilijua. Yeye, mwenye mke, ilikuwa mara yake ya kwanza kufika. Kwa miaka kumi na miwili alisema jembe ni la wasiopata bahati ya kusoma, na Adolphine alikuwa akiondoka asubuhi na kurudi na kapu kichwani, na yeye akala.

Adolphine alimwona akija na viatu vyake vya ofisini, vyeusi, vimeng'arishwa. Hakuuliza kilichomleta. Alimpa gunia, akamwonyesha mstari wa mahindi aanzie wapi.

Alivuna hadi jua likapanda. Kwa muda alijisikia vizuri. Mikono ilikuwa na kazi na miguu ilisogea kila baada ya shina moja. Alihesabu nafasi kati ya mashina, akaona haziko sawa, akasema hivyo. Adolphine akamwambia aende akazirekebishe, zimengoja muda mrefu karani wao. Kwenye kona kulikuwa na mti wa avoka, wa urefu wa nyumba, na chini yake matunda kadhaa yalikuwa yamewekwa juu ya majani makavu, yameiva. Adolphine alipasua moja kwa kisu, akatia chumvi, akampa nusu. Alikula amesimama. Alipomaliza aligundua kwamba ameshageuka, uso wake uko upande wa machweo.

“Hata hapa uko natafuta gare,” alisema Adolphine. Hakuwa amekasirika. Alifuta kisu. “Ile bahari, iko na nini? Usinambie mifupa.”

Godefroid alianza na baridi ya mwezi wa sita, akaacha. Akatoa ile barua mfukoni, akamtafsiria, neno kwa neno, hata pale paliposema mkewe atafuata baada ya mavuno. Adolphine hakubadilika uso. Basi akamwambia habari za ubao. Alimwambia Januari zote zile, chaki, mstari wa mwisho, watu waliokuja na marobota yao wakiuliza na yeye akisema bado. Alimwambia kwamba siku treni ya kwanza ilipopita kwenda huko, alikuwa kwenye jukwaa, na hakuna aliyemwita kuandika hata karatasi moja, maana siku hizi huandikwa kwa mashine. Alisema bila mpangilio, kinyume cha desturi yake. Alisema kwamba anaogopa kufa bila kujua kama mji ule upo.

Adolphine alichomeka kisu kwenye kapu. Mbali kidogo mtu alikuwa anachoma majani, moshi ukawapita.

“Miaka arobaini na ine,” alisema, “na hii haukunambiaka. Ulinambia baridi.”

Aliinuka, akaanza kufunga gunia. Alisema akiwa amempa mgongo, na alisema kila jambo mara moja, kama anayetoa agizo sokoni: aandike kwamba nyumba mama yule awape watu wengine, asiwangoje. Aandike kwamba wao watakwenda kutembea, mwezi wa saba, mahindi yakiwa ghalani, siku kumi na nne, kwa Clément kama Clément ana nafasi. Atabeba unga wake. Pasipoti zitatengenezwa.

“Na andika tutarudia,” alisema. “Andika ile kwanza, mbele ya ingine.”

Godefroid alichana ile barua ya uongo vipande vinne, akavifukia chini ya mabua kwa ncha ya kiatu chake.

Waliandika kesho yake, alasiri, kwenye meza ya chumba cha mbele, mlango ukiwa wazi. Yeye alishika kalamu. Adolphine alikaa upande wa pili, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na kila sentensi ilisomwa kwa Kireno kisha kwa Kiswahili kabla ya nyingine kuanza. Alimsalimu Clément na jamaa yake. Aliandika kwamba watarudi. Kalamu ilisimama hapo. Alitazama nje, barabarani, ambako lori lilikuwa linapita, na akalitazama mpaka likaisha kupita. Adolphine hakumsukuma. Kisha akaendelea: kwamba aliahidi kwa majina mawili bila kumwuliza mwenye jina la pili, na kosa ni lake, si la mama mwenye nyumba, na kwamba anamwomba mama huyo radhi kwa ajili ya rangi aliyopaka bure. Kwamba watafika mwezi wa saba, wageni, kwa siku kumi na nne. Kwamba anaomba Clément ampeleke siku ya kwanza mahali reli inapoishia, palepale, kwenye chuma cha mwisho.

Adolphine aliuliza kama ameandika kwamba yeye hali samaki wa kukaushwa. Hakuwa ameandika. Akaandika pembeni, kwa herufi ndogo.

Alitia sahihi. Akampa kalamu, na Adolphine akaandika jina lake mwenyewe chini, polepole, herufi za shule ya masista, kubwa na za duara. Godefroid alikunja karatasi mara tatu, akaiingiza kwenye bahasha, akailamba gundi, akaibana kwa kiganja na kuhesabu hadi thelathini kama alivyozoea. Akaandika anwani. Lobito. Mbele yake, mahali pa lile neno imesimamishwa, palikuwa patupu, na mkono wake ulibaki hewani kidogo juu ya ile nafasi, kisha akafunika kalamu.

Alitoka saa hiyohiyo, maana ofisi ya mabasi ilikuwa haijafungwa na kukaa hakuweza. Alitembea haraka. Mwanamke wa dirishani, Chancelvie, aliipima barua, akaandika Dilolo kwenye daftari, akagonga muhuri, akaitupa nyuma yake ndani ya gunia. Godefroid hakuondoka. Alisimama kando ya dirisha, akibadilisha mguu mmoja kwa mwingine, mpaka alipoona gunia limefungwa kamba na kupandishwa juu ya basi.